Supu ya Tazuko

Asubuhi ya tatu mfululizo, Fumie alimwona mumewe, Kiyoharu, akikanyaga theluji kuelekea kwa Tazuko, mjane wa nyumba ya pili, tena akiingilia mlango wa jikoni.

Wivu ukamshika.

Tangu Kiyoharu apigwe na kiharusi kile kidogo, Fumie alikuwa ameingia darasa la afya mpaka akapewa cheti na kipimo cha chumvi chenye sindano ipandayo chumvi ikizidi. Alipita bonde zima, nyumba kwa nyumba, akikichovya katika supu ya kila mtu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa kwa chumvi. Wanawake waliinama, wakamwita mwalimu, wakamshukuru, wakakariri vizuri kwamba chumvi hupasua mishipa. Kisha wakamwekea chai na kisahani cha mboga zilizolala kwenye chumvi tangu vuli. Jioni alikiosha kipimo, akakiviringisha katika kitambaa cha bluu, akakipandisha rafuni, ndipo akawasha jiko kumpikia mumewe supu, kwa mkono ule ule wa chumvi aliofundishwa na mama mkwe.

Supu hiyo sasa Kiyoharu aliiacha nusu. Eti ameshiba. Kashibia wapi? Kwa Tazuko, ambaye hata darasani hakuja wala hakupimiwa supu yake, akisema tarakimu zinamtia usingizi.

Na daktari alishasema kiharusi cha pili hakitamwacha mzima.

Fumie akavaa viatu vya mpira, akatia kipimo mfukoni, akavuka.

Alimkuta Kiyoharu kwenye meza ya jikoni, bakuli limekauka mbele yake. Mzee wa watu akainamisha kichwa. Fumie hakumsalimu mtu. Alichovya kipimo kwenye sufuria ya mjane, akangoja sindano ipande.

Haikupanda. Alikitikisa, akachovya tena. Kote bondeni hakuwahi kuiona imelala chini hivyo.

Akamuuliza Tazuko nani aliyemfundisha kupika hivi. Tazuko akajibu kwamba hakuna. Alipomzika mume wake alianza kupunguza kijiko kimoja kila mwezi, mpaka ulimi ukazoea.

"Basi huyu wangu anafuata nini kwako?"

Tazuko akaifunika sufuria.

"Anafuata uhai, dada. Bonde lote umelipima. Hakuna aliyethubutu kumwambia mwalimu achovye na kwake."