Petroli Isiyopaa

Obiero alichomeka kijiti chenye mikato ndani ya tangi la gari, akakichomoa, akakinusa, kisha akakiinua juu ili jirani yake Walubengo akione vizuri.

"Tazama, bwana. Jumapili jioni nilijaza mpaka mkato huu wa juu. Leo ni Jumamosi, imebaki huku chini. Na gari halijatoka hata langoni!"

"Labda kuna mwizi."

"Mwizi gani anaiba kidogo kidogo, kwa adabu hivyo? Petroli imepaa. Hii ya kampuni ya Ndovu ni nyepesi kama pumzi."

Obiero alikuwa karani wa reli mjini Kisumu. Gari lake dogo la kijivu alilinunua mwaka wa 1967 kwa mmishenari aliyekuwa akirudi kwao. Mita ya maili ilikuwa imekufa zamani, lakini injini ilikuwa hai. Siku za kazi Obiero alikwenda ofisini kwa miguu, gari likalala chini ya turubai nyuma ya nyumba. Lilikuwa gari la Jumapili: kanisani, halafu Katito kumwona mama yake, basi.

Kabla ya Ndovu alikuwa amejaribu Kiboko. Hiyo nayo ilipaa. Ofisini alikuwa ameeleza nadharia yake mpaka wakubwa wakaanza kumwomba ushauri: kila kampuni ina petroli ya uzito wake, na iliyo nyepesi hutorokea kwenye kifuniko jua linapowaka. Na jua la Kisumu, nani asiyelijua?

Mkewe, Selpha, alipita na beseni la samaki. Alikuwa akiwauzia wanawake wa mtaa ngege wa Asembo Bay, ufuoni mbali na mji, nao walimpenda kwa sababu samaki wake walifika kabla ya saa sita, macho yaking'aa. Wachuuzi wengine walisubiri basi mpaka alasiri, wakaleta samaki waliokata tamaa.

"Mama Amolo," Obiero akamwita, "Walubengo atalichukua gari. Nimechoka kulinywesha jua."

Beseni likayumba.

"Unauza gari?"

"Nibaki nalo la nini? Linakunywa likiwa limelala!"

"Na Jumapili nitafika kanisani nimekalia nini, Baba Amolo? Baiskeli?"

Walubengo akacheka. "Shemeji, mwanamke na gari ni wapi na wapi?"

"Hajui hata gia ya kwanza iko upande gani," Obiero akasema kwa upole. "Lakini tuseme ukweli, hakuna anayelipenda gari hili kumshinda. Analiosha kila siku! Halitembei, lakini lazima alioshe, ndani na nje. Funguo nimemwachia yeye."

Wanawake waliokuwa wakichagua samaki uani wakaangua kicheko. Obiero alidhani wanaicheka petroli, naye akacheka pamoja nao.

Selpha hakucheka. Alitua beseni chini.

"Nipe wiki moja tu. Kajaribu pampu mpya ya Elsie. Yeye anauza ya Mbayuwayu. Hiyo nayo ikipaa, uza."

Elsie alikuwa mjane mwenye pampu moja na kibanda kimoja cha mabati. Magari yalimpita yakienda kwa Ndovu na Kiboko, na kampuni ilikuwa imemwambia wazi: asipopata wateja, pampu itang'olewa kabla ya Krismasi. Jumapili jioni alimjazia Obiero kwa mikono yake mwenyewe, akasikiliza habari zote za uzito, jua na kifuniko bila kupepesa macho.

"Yangu ni nzito, Mzee," alisema. "Ikishaingia imekaa."

"Jumamosi kijiti kitasema."

Jumamosi ilipofika, Walubengo alikuja amevaa tai, tayari kuendesha gari mpaka kwake. Obiero akachomeka kijiti, akakichomoa, akakinusa. Akakifuta kwa shati lake, akakichomeka tena.

Mkato wa juu kabisa.

"Yaye!" Obiero alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Haijapaa hata tone!"

Walubengo alirudi nyumbani kwa miguu, tai ikiwa mfukoni.

Jumatatu ofisi nzima ya reli ilijua. Mwezi haukuisha kabla magari hayajapanga foleni kwa Elsie, na kila dereva alimsimulia mwenzake uzito wa Mbayuwayu kana kwamba ameibeba kichwani. Mwalimu mmoja aliapa kwamba gari lake sasa linapanda kilima cha Riat bila kubadilisha gia. Daktari wa meno alisema lake limeacha kukohoa. Kampuni ikasahau habari ya kung'oa, ikamletea Elsie pampu ya pili.

Obiero alipita pale kila Jumapili kupokea shukrani. "Sayansi, mama," alimwambia Elsie. "Sayansi tu."

"Bila wewe, Mzee, ningekuwa wapi?" Elsie alijibu, na hapo hakusema uongo.

Jumatano moja, yapata saa tano asubuhi, gari dogo la kijivu lilikata kona na kusimama nyuma ya kibanda cha mabati, limejaa vumbi jekundu mpaka madirishani. Elsie alikuwa tayari ameshika debe na mrija. Selpha alizima injini, akateremka kutoka juu ya mto wa kochi aliokuwa ameukalia, akachomoa kijiti chenye mikato kwenye leso yake.

"Fanya haraka, dada," alisema, ngege wakirukaruka kwenye kiti cha nyuma. "Mpaka mkato wa juu, kama jana. Na bado sijaliosha."