Mtia Sahihi Asiyetambulika

Uliangalia ukuta. Usikatae. Ulikuwa wa tano kwenye foleni, ofisi moja ya usajili mjini Homa Bay, Ijumaa moja ya 1999, na tangazo la chanjo ya ng'ombe ulilisoma mara tatu ili usimtazame msichana aliyekuwa dirishani. Na unga umekuwa ukinunua kwa babake, Migori, tangu 1986.

"Umezaliwa wapi?" Ombui, mkubwa wa ofisi, alimuuliza.

"Migori, mzee. Nyuma ya soko. Wamenituma huku, wanasema faili za zamani ziko kwenu."

"Fardowsa Mohamednur." Alilitamka jina hilo la Kisomali kama anatema mwiba wa samaki. "Mwandiko mzuri. Lakini mwandiko sio ukoo."

"Mzee, hii ni mara ya tatu. Jumatatu chuo cha kompyuta Kisumu kinafunga kuandikisha. Bila kitambulisho hawanichukui."

"Basi lete mtu anayetambulika aseme anakujua."

"Mimi ninajijua mwenyewe."

"Hata mwizi anajijua. Kaa kando, kwenye benchi."

Foleni ilicheka. Wewe pia ulicheka, kidogo.

Ombui alirudi ndani na faili ya msichana kwapani, hasira tayari imempanda. Saa tano wageni kutoka Nairobi wangekuja kuona kurasa mpya za mtandao za ofisi, ambazo bado zilikuwa ndani ya kompyuta mbili tu zilizounganishwa kwa waya. Levis, mwenye duka la kompyuta kule Migori, alikuwa akitokwa jasho mbele ya moja. Kila akifungua ukurasa, onyo lilitokea lile lile: cheti cha usalama kimetiwa sahihi na mtu asiyetambulika.

"Omera, ndugu yangu, si ulisema iko tayari?"

"Iko tayari, mkubwa. Shida ni cheti tumejitengenezea wenyewe. Sasa mashine inataka mtu mwingine aseme anatujua."

"Mashine ina akili kukushinda."

Levis akatoka nje kupunga hewa. Alirudi na karatasi ya daftari yenye mwandiko mzuri, akaisoma huku midomo ikicheza, kisha akarekebisha tarehe ya kompyuta, maana yenyewe ilidai bado ni 1980. Onyo moja likaondoka. Lile kubwa likabaki. Akapiga meza kwa ngumi, akatoka tena.

"Wewe unavuta sigara ngapi?" Ombui alifoka. "Watu wako njiani!"

Mara hii Levis alirudi na disketi yenye mwandiko ule ule.

"Dawa ndiyo hii. Ndani kuna cheti cha mdhamini. Tukimwingiza kwenye orodha ya wanaoaminika, kila anachotia sahihi kitapita bila maswali. Inatosha mtu mmoja akubali, mara moja tu. Bonyeza wewe, mkubwa. Ofisi ni yako."

Kompyuta iliuliza: unamwamini mdhamini huyu? Jina lilikuwa hapo chini, lakini nani alikuwa na wakati wa kusoma? Ombui alibonyeza. Kufuli dogo pembeni mwa kioo likajifunga. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Onyo halikurudi.

Moyo ukatulia. Akachukua kalamu nyekundu, akamaliza na ile faili iliyokuwa ikimsumbua kwapani. HATAMBULIKI, akaandika, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Wageni walifika, wakabonyeza hapa na pale, wakapiga makofi.

"Na nani amewadhamini?" mama mmoja aliuliza. "Kwenye hizi kurasa zenye kufuli, huwa kuna jina."

"Mtu wa kuaminika kabisa, madam." Ombui alilibonyeza kufuli, akakohoa, akasoma kwa sauti ili hata foleni nje isikie:

"Mdhamini: Fardowsa Mohamednur, Migori."

Msichana bado yuko pale kwenye benchi, na dirisha linafungwa saa saba. Achana na hilo tangazo. Nenda sasa hivi ukaseme unamjua.