Mkalimani wa Mama

"Anasema hapati usingizi," Evelyn alisema, kabla mama yake hajamaliza kusema.

Daktari Saadi aliandika. Chumba chake pale Kaloleni kilikuwa kidogo, na kiti chenye mto kilikuwa kimoja tu. Alikuwa amempa mama kiti hicho mara Evelyn alipochungulia mlangoni na kusema, "Shikamoo daktari, nimekuja na mama." Evelyn mwenyewe alikaa kwenye benchi la ukutani, mguu wake mmoja ukidundadunda sakafuni.

Mama Kaanaeli alikuwa na Kiswahili cha sokoni na cha kanisani. Kilimtosha kuelewa karibu kila alichoulizwa, lakini mambo ya moyoni aliyasema kwa Kimeru tu. Nesi aliyejua Kimeru alikuwa likizo ya uzazi, na daktari, mtu wa Pangani, katika lugha hiyo hakuwa amevuka salamu. Kwa hiyo binti akawa mkalimani.

"Anakula?" daktari aliuliza.

Mama alieleza kwa maneno na kwa mikono, akikoroga hewa mbele yake.

"Anasema hali. Hata loshoro ya mahindi na maziwa mgando, aliyokuwa akiililia, siku hizi anaikoroga tu mpaka inapoa."

"Huwa anaongea peke yake?"

Hapo mama alisita. Alimtazama Evelyn, kisha akazungumza kwa sauti ya chini.

"Usiku anatoka nje," Evelyn alitafsiri haraka. "Anasimama kwenye migomba, anaongea. Lugha yenyewe hakuna anayeijua pale nyumbani."

"Kwetu wangeshasema kapandwa na jini mgeni," daktari alisema, "na mimi ningekosa kazi."

Evelyn alicheka kupita kiasi cha mzaha wenyewe. Mama hakucheka.

Daktari alitaka kujua hali ya mchana. Jibu la mama lilikuwa refu, na Evelyn alilifikisha lote. Mchana maneno yalimponyoka. Alianza kutaja kitu, akakwama katikati, akanyamaza. Wana ukoo walimtania. Walisema amekuwa mgeni kwenye boma lake mwenyewe, apewe kitanda cha wageni.

Daktari alizitazama mvi zilizochungulia chini ya kitambaa cha mama. Alisema kupotewa na maneno si jambo la kuonea haya, huwapata wengi, na vipo vipimo. Kisha akamgeukia Evelyn, akamuuliza kama wanaishi pamoja.

Ndiyo, Evelyn alijibu, tangu mwaka jana. Kabla ya hapo alikuwa Ujerumani, akisomea uuguzi. Hakumaliza.

"Umefanya jambo jema kurudi, binti yangu. Wengine wakishafika huko hata simu ya mama hawapokei."

"Asante, daktari."

Evelyn alitazama dirishani. Mjini kulikuwa na kampuni ya watalii iliyotafuta mtu wa kuongea Kijerumani na wageni, na walimwambia afike kabla ya chakula cha mchana. Walitaka mtu mchangamfu. Alikuwa amepiga pasi blauzi, amejipaka rangi ya mdomo, amejizoeza kutabasamu mbele ya kioo. Angepata vidonge tu, vyovyote, wakatoka hapa, mama angetulia na yeye angewahi.

Na hakuwa amedanganya. Kila alichosema mama alikifikisha kama kilivyo, bila kuongeza neno wala kupunguza. Hilo alijivunia. Mama naye, kila aliposikia tafsiri, aliitikia kwa kichwa: ndivyo, ndivyo hasa.

Daktari aliweka kalamu mezani. Alivuta kiti chake karibu, na sauti yake ikapungua.

"Sasa kuna swali gumu, na siwezi kuliruka, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloniambia kama mnarudi nyumbani leo au hamrudi. Muulize mama taratibu. Amewahi kutamani kufa?"

Evelyn alifungua mdomo. Alitafuta namna ya kulisema hilo kwa Kimeru, likamjia kwa Kijerumani. Akalifukuza, akatafuta tena. Nje mtu alikuwa akiuza karanga, akipiga mluzi.

Lakini mama alikuwa ameshaelewa. Alivua kitambaa chake, akakikunja mapajani, akasema maneno machache akiyatazama magoti yake. Akasema mengine, na hayo yakamtoa machozi ambayo hakuyafuta.

Daktari aliichukua tena kalamu. "Anasemaje?"

Jibu fupi lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Evelyn. Hapana. Anasema hapana. Daktari angeliandika, angetabasamu, angewaonyesha dirisha la dawa. Mama alikuwa amechoka mno, asingesikia, au angesikia na kudhani kwamba ndivyo watu waliosoma wanavyotafsiri.

"Evelyn," daktari alisema. "Mama anasemaje?"

"Anasema hajui," Evelyn alijibu. "Kila usiku anakuja mpaka mlangoni kwangu aniulize kama mimi natamani kufa, halafu anaogopa nitakachomjibu."