Kadi ya Marehemu

Siku ya tatu ya msiba wa mkewe, Diwani Sekulamba alikuwa amekaa mkekani na wafiwa wenzake. Tunu, katibu wa chama wa kata, alikuja akapiga magoti mbele yake.

"Pole sana, mheshimiwa."

"Nimeshapoa, mwanangu."

Tunu hakuinuka. Alinyoosha mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Na kadi ya mama ya kupigia kura. Tusije tukaisahau."

Maneno hayo Sekulamba alimfundisha mwenyewe. Kwa miaka ishirini hakukuwa na matanga aliyoyakosa mjini. Alikaa na wafiwa, akala wali wao, akalia nao kweli, na kabla ya kuaga akaomba kadi ya marehemu. Siku ya uchaguzi watu wake walipiga kura kwa kadi hizo, na marehemu wote walimchagua yeye.

Aliitoa kadi mfukoni mwa kanzu. Pichani mkewe alikuwa amekunja uso, kama siku ile alipomwambia jikoni, "Kura yangu sikupi, baba Neema, mpaka uwaache wafu wapumzike." Yeye alicheka tu, akaomba chai. Na kweli hakumpa, chaguzi nne.

Aliufunika uso wa pichani kwa kidole gumba.

Mfiwa akisita, ndivyo Sekulamba alivyomfundisha Tunu, usirudishe mkono, ngoja tu. Tunu alikuwa anangoja, kiganja wazi, macho chini kwa adabu.