Foleni ya Semeni

Ujumbe kutoka kwa jamaa walioko Mwezini huja mara moja tu kwa mwaka, na kila nyumba lazima itengeneze yenyewe mahali pa kuupokelea. Kwetu kazi hiyo naifanya mimi, kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi ya seva iliyo jikoni. Ukiandika "tangazo", kila mtu wa nyumbani hupata nakala yake. Ukiandika "foleni", anayeufungua kwanza ndiye anayeuchukua, halafu unafutika.

Asubuhi ya siku yenyewe uji ulikuwa unataka kumwagika. Sikuandika amri upya. Nilibonyeza mshale wa juu, ikarudi amri ya jana niliyomtengenezea jirani anayeishi peke yake, nikabadilisha jina tu. Foleni.

Nilipogeuka kutoka kwenye sufuria ya uji, skrini ilikuwa imeandika: Ujumbe wa Semeni, dakika kumi na moja, umepokelewa. Uliobaki: sifuri.

Mume wangu akatoka chumbani, simu mkononi.

"Baba Semeni, mtoto kasemaje?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Dakika kumi na moja za salamu?"

"Si unamjua mwanao kwa maneno."

Namjua. Tangu utotoni Semeni hana maneno mengi.

Nikammiminia uji. Aliukoroga mpaka ukapoa.

"Hivi, Mama Semeni," akauliza bila kuniangalia, "ukishafutika, hata wewe huwezi kuurudisha?"

"Siwezi."

Akashusha pumzi, akaanza kunywa.