Viwanja vya Suud

"Hata hina hukutia?" Kheiria aliishika mikono ya wifi yake, akaigeuza huku na huku. "Mumeo anarudi kutoka Moscow, wewe umekuja kama unakwenda kisimani!"

"Nimechoka, wifi," alisema Nasriya.

Walikaa kivulini mwa kibanda cha uwanja wa ndege wa Bait al Falaj, Maskati. Uwanja gani, changarawe na milima tu. Ami zake Nasriya, Marhoon na Aflah, walisimama pembeni na bakora zao. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaomba waje, walipotoka msikitini.

"Na wazee hawa wa nini?" Kheiria alinong'ona. "Ami Marhoon na mgongo ule, abebe sanduku gani?"

"Waache. Watu wa kweli hao, hawasemi uongo."

Suud aliondoka Unguja kwenda kusomea ujenzi mwaka ule ule wa mapinduzi. Nasriya akavukia Maskati na jamaa zake. Kila aliyepita Moscow alileta salamu za Suud: yuko uwanja wa ndege wa Sheremetyevo, jengo la abiria likimalizika anarudi. Likamalizika. Basi yuko Domodedovo, kuna jengo kubwa zaidi, la vioo. Kisha Vnukovo, wanapanua. Nasriya aliyeishia darasa la nne akavijua viwanja vya mji ule kuliko vichochoro vya Matrah alikokaa. Wenzake walizaa, wakanyonyesha, wakazaa tena. Yeye alikuwa mke wa mtu, basi.

Sasa Sultani mpya wa Maskati amewaita watu warudi.

"Wasema watajenga uwanja mkubwa Sib," Kheiria alichangamka. "Kaka hendi mbali tena!"

"Na Sib ikimalizika, patakuwa wapi?"

Kheiria akacheka. Nasriya hakucheka. Midomo ilimchezacheza kwa dua: Ya Rabbi, mshushe leo. Asiposhuka leo, mimi nna nguvu gani tena ya kungoja?

Ndege ilitua, vumbi likawafunika. Abiria wakashuka mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mnene, kofia ya manyoya mkononi katika joto lile. Suud! Kheiria akapiga vigelegele.

Alikuja mbio, anacheka. "Nasriya! Nimekuja, mke wangu. Twende nyumbani."

Nasriya aligeuka, akawaashiria wazee wake. Akangoja mpaka wote wawili wakasogea, wakasimama ubavuni mwake.

"Alhamdulillahi umefika salama," alisema. "Mashahidi hawa hapa, Suud. Nipe talaka yangu, kisha kajenge Sib kwa nafasi yako."