Jora la Mwisho

Jafferali alishika mkasi lakini hakukata.

"Alikuwa na kimo gani?"

"Ananifikia hapa," Mwahija alisema, akagusa bega lake.

Ilikuwa Tinde, mwaka 1983. Dukani lilibaki jora moja la bafta, na kamati ya ugawaji ilikuwa imeagiza kitambaa kitolewe kwa ajili ya sanda tu. Nje, lori lilikuwa likipakia sabuni na betri kwenda Geita, ambako wachimbaji walilipa kwa dhahabu. Bafta ambayo haingechukuliwa ingeondoka nalo jioni hiyo.

"Pole sana, Mama Chausiku. Hospitali ulimpeleka?"

"Nilimpeleka. Dawa hakuna. Wakaniambia nimrudishe nyumbani."

Nyuma yake alisimama Maduhu, mkulima wa pamba, amevaa gunia lililotobolewa matundu ya mikono.

"Pamba yangu ilipita barabara hii hii kwenda kiwandani," alisema. "Mimi nimebaki na gunia. Sasa Jafferali, mpaka nife ndipo nivae?"

"Ukifa njoo. Nitakupimia mwenyewe."

Watu kwenye foleni walicheka. Maduhu akakumbuka aliye mbele yake, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Mwahija hakugeuka. Alikuwa akilitazama lori.

"Mzigo mwingine unakuja lini?"

"Kiwanda hakina vipuri," Jafferali alijibu. "Labda baada ya mvua."

"Baada ya mvua ni mbali."

Jafferali alimtazama kidogo. "Mnazika leo?"

"Tunamsubiri baba yake. Yuko machimboni."

Mkasi ukapita. Vipande vitano, kama ilivyo desturi kwa mwanamke. Mwahija alipofungua pindo la kanga kutoa pesa, Jafferali alimzuia kwa mkono.

"Nenda, mama. Mungu amrehemu."

Alitembea hadi nyumbani bila kupumzika, bafta ameikumbatia kifuani. Alipoinama kuingia mlangoni, lori la Geita lilikuwa linanguruma barabarani.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya jasho. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Mkono mwembamba ukatoka chini ya shuka, ukapapasa kitambaa.

"Nyeupe," Chausiku alisema. "Ni ya sikukuu ya Idi, mama?"

"Ni ya Idi," Mwahija alisema. "Lala."